Milimita Sita za Léocadie

Neno ambalo Léocadie alilichoka kuliko matusi yote ya Johannesburg lilikuwa "hongera". Matusi aliyamudu. Mtu akimwita kibeti kwenye kituo cha teksi, alimrudishia kwa Kizulu maneno ya kumfanya abiria yule ashuke kabla ya kufika kwao. Lakini hongera utaijibu nini? Alipongezwa kwa kupanda teksi. Alipongezwa kwa kununua mkate kwenye kiduka cha spaza. Siku moja bibi mmoja aliyevaa vizuri alimsimamisha ng'ambo ya robot, zile taa za barabarani, akamshika mkono kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga, akamwambia ana ujasiri wa ajabu.

"Nimevuka barabara tu, Mama," Léocadie alimjibu. "Na wewe umevuka."

Mwaka huo, 2015, alikuwa na miaka ishirini na minne. Alizaliwa Bukavu, akaletwa Afrika Kusini na mama yake akiwa na miaka mitano, na kitambulisho cha nchi alikwisha kukipata baada ya foleni ambazo hakupenda kuzikumbuka. Mifupa ya mikono na miguu yake iligoma kurefuka tangu utotoni, mengine yote yakaendelea kama ya watu. Alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa katika chumba walichochangia mafundi wanne kule Troyeville, na nyumbani kwake ni Berea, ghorofa ya sita, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla wao hawajahamia. Aliishi na mama yake, Mama Jeanne, muuza vitenge wa soko la Newtown.

Jumapili walisali Troyeville, katika ukumbi uliokuwa zamani ghala la fanicha. Hapo ndipo alipokutana na hongera ya aina nyingine. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, Pasteur Ezéchiel alimwita mbele ya kanisa, akamwekea mkono kichwani, akamwomba Mungu amrefushe. Waumini waliitikia kwa sauti. Léocadie alisimama pale amefumba macho, akihesabu mishono ya gauni la wiki hiyo, akingoja yaishe. Hakuwahi kumwomba mtu yeyote amrefushe. Alipomwambia mama yake kwamba amechoka, Mama Jeanne alisema, "Maombi hayaue mutu," akageukia sufuria yake.

Mureithi aliingia maishani mwake kwa mlango wa suruali. Alikuwa Mkenya, mhadhiri wa takwimu katika chuo kimoja cha mjini, mtu mnene wa mabega mapana, na alikuja kuongezwa kiuno kwa sababu tumbo lilikuwa limeanza kumshinda. Alimkuta Léocadie amemaliza kukata kitenge. Jora lilitakiwa kurudi rafu ya juu kabisa, na ngazi ilikuwa imeazimwa na jirani, mtu ambaye kuazima kwake hakukuwa na siku ya kurudisha. Basi Léocadie akalishika jora kwa mkono wa kulia, akajizungusha nusu duara, akalirusha. Likapaa, likatua juu ya rafu bila kugusa kitu.

Mureithi alisahau suruali mkononi. "Hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Hiyo. Vile umerusha."

"Suruali yako inaongezwa inchi mbili, baba. Mengine sifanyi."

"Wewe, nisikize. Nilikuwa narusha kisahani nikiwa chuo. Najua kiuno kinachozunguka vizuri nikikiona. Ushawahi kurusha kitu kwa mashindano?"

"Nimerusha kwa hasira tu."

"Hiyo inatosha kuanzia," alisema Mureithi.

Wiki ile ile alirudi na kisahani cha robo tatu ya kilo ndani ya mfuko wa plastiki, kama mtu aliyeleta samaki. Alimweleza kwamba katika michezo ya watu wenye ulemavu kuna daraja la wafupi wa kimo, linaitwa F41, na kwamba wanawake wa daraja hilo hurusha kisahani hadi kwenye Paralimpiki. Léocadie alikubali kujaribu mara moja, ili mtu huyu aache kumkalia kwenye kiti cha wateja. Walikwenda uwanja mmoja wa Bezuidenhout Valley, asubuhi ya umande, watu wakitembeza mbwa wao. Mirusho tisa ya kwanza ilikuwa aibu. Wa kumi ulitoka. Kisahani kikitoka sawasawa, kitu cha mwisho kukigusa ni kidole cha shahada, na kidole hicho hubaki kikiwaka kama kimeguswa na pasi. Léocadie alikitazama kidole chake, kisha akatazama mbali kule kisahani kilipolala, na hakuna aliyempongeza. Mureithi alisema tu, "Mguu wa kushoto umechelewa. Tena."

Tangu siku hiyo alimwita Kocha.

Lakini kabla ya kushindana, lazima upimwe. Mwanamke wa F41 hapaswi kuzidi sentimita mia moja thelathini na saba. Walimsimamisha ukutani katika chumba cha tabibu mmoja wa viungo, Léocadie akiwa amekata nywele karibu na ngozi kwa sababu ya joto, wakapata mia moja thelathini na sita na nusu. Alipita kwa nusu sentimita. Akatoka pale akicheka peke yake: kumbe hata ufupi una mtihani wake, na watu huufeli.

Kama mchezo wenyewe ungekuwa kurusha tu, Léocadie angeupenda bila kinyongo. Tatizo ni mambo yaliyouzunguka. Mwaka 2016 aliitazama Paralimpiki ya Rio kwenye simu, bado mchanga, akajiambia zamu yake ni ile ya baadaye. Alifanya mazoezi kabla ya jua kupanda, akashona mchana kutwa, akapanda ghorofa sita jioni na mapaja yanayotetemeka. Mwaka 2017 akafika kwenye mashindano ya kuchagua timu ya kwenda London kwenye ubingwa wa dunia. Aliingia duarani akapewa kisahani, akakipima mkononi, akakirudisha.

"Hiki ni cha kilo moja," alimwambia mwamuzi. "Changu ni robo tatu."

Mwamuzi alipekua sanduku. Akampigia mtu simu. Visahani vyepesi vilikuwa vimesahauliwa katika gari la mtu fulani, na mtu fulani alikuwa ameshaondoka na gari lake. Kisahani cha Mureithi hakikuwa na muhuri wa ukaguzi, kwa hiyo nacho hakikuruhusiwa.

"Rusha hiki hiki, dada," mwamuzi alisema kwa upole. "Tutakumbuka kwamba kilikuwa kizito."

"Mtakumbuka wapi? Kwenye karatasi ipi?"

Hakukuwa na karatasi. Alirusha kile kizito, kikaanguka pungufu ya kiwango kwa sentimita arobaini, na matokeo yakaandikwa kwamba hakufikia. Mureithi alitaka kumfariji kwa hesabu. Alichora jedwali kwenye leso ya karatasi kuonyesha kwamba, kwa wastani, kama kisahani kingekuwa halali angepita kwa mita mbili na ushee.

"Kocha," Léocadie alisema, "ukinionyesha wastani tena leo, nitakula hiyo leso."

Mwaka 2018 ulikuwa mbaya zaidi, maana haukuwa na hata mtu wa kumlaumu. Katika nchi nzima wanawake wa daraja lake waliokuwa wakirusha walikuwa watatu. Kanuni ilitaka watatu ili shindano lihesabike. Mmoja, wa Limpopo, akajifungua mapacha wiki mbili kabla. Shindano likafutwa. Léocadie alimtumia mzazi yule salamu za kweli na nguo mbili ndogo alizoshona mwenyewe, kisha akakaa chini sakafuni mbele ya cherehani, akasema kwa sauti, "Eish, hata watoto wamenizunguka!" Mafundi wenzake walicheka, naye akacheka, ingawa kicheko chake kiliisha kabla ya chao.

Basi ikaja Machi 2019. Johannesburg iliandaa mashindano ya kimataifa ya siku mbili, na wapimaji wa kimataifa wangekuja. Bila kipimo chao hakuna kwenda popote. Lile daraja la mwaka 2015 lilitambuliwa ndani ya nchi tu. Na mbele, mwezi Novemba, kulikuwa na ubingwa wa dunia Dubai. Wachaguzi wa timu walitaka mita ishirini na sita. Léocadie alikwisha kurusha ishirini na tano na sentimita kumi na mbili, na bega lake lilikuwa zima.

Siku moja kabla, Denise, msusi wa ghorofa ya chini, alimkamata mlangoni. "Unaenda mbele ya wageni na kichwa hicho? Ukisema umetoka kwangu nitahama Berea." Alimkalisha kwa saa nne, akamsuka mistari myembamba iliyopanda kutoka pande zote ikikutana utosini, na hapo akaongeza mèche, nywele za bandia, pakiti tatu, mkia ukaning'inia hadi mgongoni. Ilikuwa kazi nzuri. Léocadie alilala na maumivu ya kichwa.

Saa tatu asubuhi wakampima, katika chumba kilicho chini ya jukwaa la uwanja. Safari hii hawakumsimamisha. Walimlaza chali juu ya kitanda kigumu, nyayo zikigusa ubao, wakamnyoosha magoti, wakasogeza kipande cha mbao hadi kikagusa kichwa. Alifungua mkia wa nywele kama walivyomwelekeza. Mpimaji mkuu, mama wa Kizungu mwenye nywele za mvi na mikono baridi, alirudia mara tatu, akaandika mara tatu.

Saa saba wakamwita pamoja na Mureithi. Sentimita mia moja thelathini na saba na milimita sita. Amezidi. Hana daraja. Kanuni inampa haki ya kupimwa na jopo la pili, na jopo hilo litakaa saa kumi jioni ile ile. Likisema hivyo hivyo, basi.

Léocadie aliangua kicheko ambacho hata yeye hakukipenda. Aliwauliza kwa Kiingereza kama wana hakika, maana kaunta ya benki anayokwenda kila mwezi bado haijapokea taarifa hiyo. Mama wa mvi alimwomba radhi kwa huruma ya kweli, na huruma ile ilimkera kuliko kama angefoka.

Nje, Mureithi alikuwa akitembea akienda akirudi, amelegeza tai. "Sikiza. Mtu hupungua kutwa. Asubuhi ni mrefu, jioni mfupi. Hiyo ni sayansi. Ubebe begi langu lenye visahani, uzunguke uwanja mpaka saa kumi. Na ukilala pale, usijinyooshe sana. Legeza mgongo kidogo tu. Nani atajua?"

"Mimi."

"Léo, ni milimita sita."

"Kocha, tangu nimezaliwa watu wananiambia nijinyooshe. Mwalimu wa shule, daktari, mama, kanisa. Nimejinyoosha hadi nimekuwa na mgongo kama rula. Leo unataka nijikunje? Sitajikunja. Nikiwa mrefu, nimekuwa mrefu, nitarudi kushona."

Mureithi aliondoka akielekea langoni. Kisha akafanya jambo ambalo Léocadie hakulijua hadi alipoona matokeo yake: alimpigia simu Mama Jeanne. Na Mama Jeanne, kama kawaida yake, akampigia Pasteur.

Nusu saa haikupita, kombi ya kanisa ikasimama langoni. Mama Jeanne akashuka na bakuli la chakula lililofungwa kwa kitambaa. Hajawahi kukanyaga uwanja huo wala mwingine. Nyuma yake akashuka Pasteur Ezéchiel, amevaa suti yake ya Pasaka, mikono yote miwili juu.

"Alleluia! Mama Léo amenieleza! Kimo kimeongezeka! Miaka kumi tumepiga magoti, na leo wazungu wenyewe, na mashine zao, wameandika kwamba mtoto huyu ameongezeka!"

"Pasteur..."

"Utashuhudia Jumapili. Na ile karatasi yao uje nayo."

Léocadie alimtazama kutoka kwenye viatu vilivyong'aa hadi kwenye tai. Alihisi hasira ikipanda taratibu, bila haraka, kama maji kwenye ndoo. "Pasteur, ninakuheshimu. Lakini Mungu aliyeumba milima ya kwetu akiamua kunirefusha, atanipa sentimita moja? Na anichagulie wiki hii? Miaka kumi nzima hakuona siku nyingine?"

"Njia zake si njia zetu."

"Basi hii njia inanipeleka nyumbani."

Akakaa kwenye ngazi ya jukwaa, kichwa kikimwasha. Tangu jana mistari ile ilikuwa ikimvuta ngozi. Aliingiza kidole katikati ya utosi ili ajikune, kidole kikakwama. Alibonyeza. Pale ilipokutana ile mistari yote, nywele zake pamoja na mèche za Denise zilikuwa zimejifunga fundo gumu, pana kama kizibo cha chupa. Alilibonyeza tena. Halikubonyea.

Sasa, Léocadie alikuwa fundi, na fundi hujua jambo moja ambalo daktari anaweza kulisahau. Ukimpima mteja kifua huku amevaa sweta, gauni litampwaya, na atarudi kukulaumu wewe, si sweta. Mwaka 2015 alipimwa na kipara. Leo alikuwa amevaa sweta kichwani.

"Mama," alisema polepole, "njoo ushike hapa."

Mama Jeanne akashika. Akashika Mureithi, akahesabu kwa kidole gumba, akasema hiyo ni sentimita moja kamili, pengine inazidi. Akatazama saa yake. Saa nane kasoro kumi.

"Fumueni," alisema Léocadie.

Mistari ishirini na miwili. Mtu akikusuka kwa saa nne, usidhani utafumuliwa kwa dakika kumi. Mama Jeanne alianza upande wa kulia kwa vidole vyake vya haraka. Mureithi alipewa upande wa kushoto. Akatumia kifuniko cha kalamu, akihema, vidole vyake vinene vikipoteza uzi kila baada ya muda, akimvuta mpaka machozi yanamtoka.

"Unanifumua au unaning'oa?"

"Samahani. Hii kitu haina mwisho."

"Ina mwisho. Uko mkononi mwako, umeuachia."

Pasteur Ezéchiel alibaki amesimama. "Kwa hiyo," alisema, "ule muujiza..."

"Ule muujiza ni mèche, Pasteur. Pakiti tatu. Na kama huna kazi, upande wa nyuma hauna mtu."

Mchungaji alisita. Kisha akavua koti la Pasaka, akalikunja kwa uangalifu, akaliweka juu ya ngazi. Akatoa miwani ya kusomea, akainama nyuma ya Léocadie, akaanza kufumua. Waliokuwa wakipita, warushaji wa nchi mbalimbali na viti vyao vya magurudumu, waliwatazama wale watu wazima watatu wamemzunguka mwanamke mmoja wakimchambua kichwa.

Saa tisa na robo mistari kumi na minne ilikuwa imefunguka, na mèche zimelundikana chini kama paka aliyelala. Pasteur ndiye aliyeanza kusema.

"Léocadie, nilikuwa nakuudhi?"

"Kila Jumapili ya kwanza."

"Hukusema."

"Nilisema. Nilimwambia Mama."

Vidole vya Mama Jeanne vilisimama. "Mimi njo nilimuombaga," alisema. "Pasteur hana kosa. Ni mimi nilienda kwake, miaka ile, nikamuambia aombe. Nilikuwa naogopa. Nilisema, siku nitakufa, nani atamushushia vitu vya juu? Bantu ba hapa banacheka tu."

Léocadie hakugeuka, hangeweza, watu watatu walikuwa wamemshika nywele. Alitamani kukasirika, akakuta hasira iliyobaki haimtoshi kugawia wote.

"Vitu vya juu nimevizoea, Mama," alisema. "Ni watu ndio wananichosha. Wewe uje tu uwanjani, unione ninachofanya. Miaka minne hujaja hata siku moja."

"Nilijua nitalia."

"Basi lia, lakini usiache kufumua."

Saa kumi kasoro dakika tano aliingia chumbani, nywele zimesimama pande zote kama moto wa nyasi. Jopo la pili lilikuwa la watu wengine. Aliomba kwanza, kabla hawajamgusa, waandike kwamba asubuhi alipimwa akiwa na fundo la nywele utosini, kisha akawawekea mezani pakiti ya plastiki aliyozitia mèche zote. Kijana aliyeshika kalamu aliitazama pakiti, akamtazama yeye, akaandika. Léocadie akalala chali. Akajinyoosha. Alinyoosha magoti, akanyoosha mgongo, akanyoosha shingo, wala hakujiibia hata unywele. Mbao ikaja, ikagusa ngozi ya kichwa. Ilikuwa baridi.

Mara ya kwanza, mia moja thelathini na sita na milimita saba. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu, hivyo hivyo.

"F41," alisema mpimaji. "Utapimwa tena baada ya miaka miwili."

"Mtanikuta papa hapa," alisema Léocadie.

Mureithi alipoiona karatasi alilia, akijipangusa kwa mkia wa tai, na Léocadie akalazimika kumwambia anyamaze, watu wanaangalia. Mama Jeanne hakulia. Alifungua bakuli, akawagawia wote wali, sombe la majani ya muhogo na samaki, Pasteur akala amesimama, bila koti, na hakuomba isipokuwa kushukuru kwa chakula.

Siku ya pili saa tano alirusha. Nywele alizifunga kwa kipande cha kitenge, na katika duara alikuwa na hasira ambayo bado haijajua iende wapi. Ikamponza. Jaribio la kwanza alikanyaga ukingo, bendera nyekundu. La pili kisahani kikagonga wavu. "Unagombana na nani?" Mureithi alipiga kelele kutoka nje. La tatu alipunguza, akapata ishirini na nne na nusu, akabaki kwenye shindano. La nne likafika ishirini na tano na sentimita tisini. Alitazama ubao, akatoa neno la Kizulu ambalo Mama Jeanne, kwa bahati, hakulielewa. La tano, nyekundu tena.

Lilibaki moja. Alisimama nyuma ya duara akikipangusa kisahani. Jukwaani aliisikia sauti ya mama yake, ya juu, kali, ile ya kuitia wateja Newtown: "Léo! Tupa, mwanangu! Tupa tuende!" Watu wa karibu wakacheka. Léocadie naye akacheka, mabega yakamshuka, akaingia. Mguu wa kushoto haukuchelewa. Kidole kikawaka.

Mwamuzi aliinua bendera nyeupe, akachukua muda mrefu wa kuudhi kuvuta tepu, akasoma, akasoma tena. Ishirini na sita na sentimita thelathini na moja.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kwanza ya mwezi wa nne. Pasteur Ezéchiel alimtaja mimbarani kama mrushaji wa taifa, akaendelea na mahubiri bila kumwita mbele. Jambo hilo pekee lilimfanya Léocadie, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, asikilize mahubiri yenyewe. Yalikuwa marefu mno.

Novemba alikwenda Dubai. Warushaji walikuwa tisa, na wote walikuwa wa kimo chake. Usiku wa kwanza kwenye chumba cha chakula, hakuna aliyempongeza kwa kubeba sahani yake. Mmoja alimwambia apishe, amechelewa. Alimpisha akitabasamu peke yake kama mjinga. Katika fainali alirusha ishirini na saba na sentimita nne, mbali kuliko alivyowahi kurusha, na akawa wa sita.

Alimpigia Mureithi kutoka nje ya uwanja, viatu mkononi. Mureithi alianza kwa kumpa wastani wa wale nane wengine.

"Kocha, niache na wastani. Ile ya nne niliiona ikiniponyoka, nilifungua bega mapema. Umeiona?"

"Nimeiona kwa simu. Mapema sana."

"Narudi Jumamosi. Jumatatu tuanze na bega."

"Pumzika wiki moja, Léo. Wa sita duniani, bana! Hong—"

"Usilitaje hilo neno," alisema Léocadie. "Jumatatu, saa kumi na mbili."

Akakata simu, akaketi kwenye ukingo wa barabara, akavaa viatu.